Mfinyanzi Hulia Gaeni: Kusoma Vigae vya Pemba



Kamati ya jarida hili imenitaka niandike makala ya historia kwa ajili ya mkutano wetu, na uchaguzi wa mada imeniachia mwenyewe. Nimechagua vigae. Najua wapo watakaocheka, kwani kigae kwetu ni kitu cha jaani, na kikibahatika sana hukaangiwa bisi. Lakini nimeitembelea miji mitano ya kale ya kisiwa chetu, yaani Tumbe, Chwaka, Ras Mkumbuu, Mtambwe Mkuu na Pujini, na kila nilipokwenda nilikuta hali moja. Kuta ni chache na zinabomoka. Vigae ni vingi mno. Vimetapakaa katika makonde ya mihogo, njiani, na ufukweni maji yanapokupwa.

Sisi tuliosoma miaka ile tulisomeshwa historia ya mwambao kama orodha ya wageni: Waajemi, Waarabu, Wareno, Waomani, Waingereza. Mwenyeji katika orodha hiyo alikuwa kama mtu aliyesimama pwani akitazama matanga ya wenzake. Vigae vinasema habari nyingine. Wageni walikuja, tena kwa wingi, wala hapana haja ya kuwakana. Lakini miji yetu ilianza na mfinyanzi wa hapa hapa, na yeye ndiye aliyeacha ushahidi mwingi kuliko mtu mwingine yeyote. Ushahidi huo unapotea mbele ya macho yetu, na ndiyo maana naona si vyema kuchelewa kuuandika.

JINSI KIGAE KINAVYOSOMWA

Mbao huoza, makuti huoza, nguo huoza, na chuma huliwa na kutu. Udongo uliochomwa hauozi. Tena chungu kilichovunjika hakiibwi, wala hakiyeyushwi kikafanywa kitu kingine kama fedha na dhahabu. Hubaki pale pale kilipotupwa. Jaa la mwaka huu hulala juu ya jaa la mwaka jana, na mchimbaji anayeshuka taratibu, tabaka baada ya tabaka, huwa anarudi nyuma katika miaka.

Vigae vya kigeni vina faida yake, kwa sababu matanuri vilikotoka yanajulikana pamoja na nyakati zake. Mitungi mikubwa yenye rangi ya buluu iliyochanganyika na kijani, mfano wa bahari ya maji madogo, ilitoka Iraki ya kusini na nchi za Ghuba, na ilifika kwetu hasa katika karne ya 8 hadi ya 10. Bakuli zilizochorwa kwa ncha kali chini ya rangi ya manjano na kijani zilitoka Uajemi katika karne ya 11 na ya 12. Vyombo vizito vya kijani, ambavyo wataalamu huviita seladoni, vilitoka Longquan nchini China. Baadaye zikaja sahani nyeupe zenye maua ya buluu, ambazo bibi zetu waliziita sahani za Sini. Upepo wa kaskazi uliyaleta majahazi, na kusi likayarudisha yamejaa pembe za ndovu, ambari na boriti za mikoko. Kigae kimoja cha namna hiyo kikipatikana katika tabaka, ni kama muhuri wa tarehe.

Basi hapo ndipo wengi wetu huishia. Tunaokota kipande cha kaure, tunakifuta mchanga, tunasema, "Ala! Mchina alifika hapa," na tunakipita kigae chekundu kilicho karibu yake. Lakini tukivihesabu vigae vyote vya mahali, katika kila kumi zaidi ya tisa ni vya udongo wa mwambao wenyewe, vilivyofinyangwa kwa mkono bila gurudumu na kuchomwa uwanjani bila tanuri.

Vile vya zamani sana, vya karne ya 7 hadi ya 10, vina alama yake. Shingoni mwa chungu mfinyanzi alichora mstari wa pembetatu, na ndani ya pembetatu akatia mistari ya kukatana. Mtanzania mwenzetu Felix Chami, mtaalamu wa mambo ya kale, aliviandikia vyungu hivi katika kitabu chake cha mwaka 1994 kuhusu mwambao wa Tanzania, na akavipa jina kutokana na pembetatu hizo. Vyungu vya jamii hiyo vimepatikana kuanzia visiwa vya Lamu hadi Msumbiji na Visiwa vya Ngazija, na bara pia. Tafakari jambo hilo. Kabla ya msikiti wa mawe wa mwanzo kujengwa katika mwambao huu, tayari walikuwapo watu waliokuwa wakitembeleana kwa bahari na nchi kavu, na wake zao na mama zao wakipamba vyungu kwa mtindo mmoja.

TUMBE NA CHWAKA

Leo Tumbe inajulikana kwa soko lake la samaki. Miaka 1,200 iliyopita ilikuwa mji mkubwa wa nyumba za miti na udongo, uliotanda zaidi ya hekta 20. Adria LaViolette na Jeffrey Fleisher, wachimbaji kutoka Marekani, walifanya kazi huko mwanzoni mwa miaka ya 2000 kwa kushirikiana na wataalamu wa Zanzibar. Juu ya ardhi hakuna ukuta hata mmoja wa kumwonyesha mgeni. Chini ya ardhi kuna maisha kamili: vyungu vya pembetatu, mitungi ya Ghuba, na uwele ulioungua jikoni ukabaki kama makaa.

Kitu kilichonishangaza zaidi katika habari za Tumbe ni vigae vyenye mifereji. Wakazi wa mji ule walikuwa wakitengeneza shanga kwa magamba ya kombe wa baharini. Walitoboa kipande cha gamba, kisha wakakisugua katika kigae mpaka kikawa duara, na kazi hiyo ikachimba mfereji mwembamba juu ya kigae. Vigae vya namna hiyo vimepatikana Tumbe kwa wingi kuliko mahali popote palipochimbwa katika mwambao. Yaani chungu kilipovunjika hakikuwa kimekufa. Kilibadilishwa kikawa chombo cha kazi. Majaa ya nyumba nyingi yana vigae hivyo, na hiyo ni dalili kwamba kazi haikuwa ya tajiri mmoja mwenye karakana.

Katika karne ya 10 watu waliuhama mji wa Tumbe. Baada ya muda, kiasi cha mwaka 1050, karibu na hapo hapo ukaanza mji wa Chwaka, ambao uliendelea mpaka karibu na mwaka 1500. Chwaka ilikuwa na misikiti minne ya mawe, lakini nyumba nyingi zilikuwa bado za udongo. Hapa vigae vinatusimulia mabadiliko mawili yaliyokwenda pamoja.

La kwanza ni chakula. Tumbe walikula uwele zaidi. Chwaka, tangu karne ya 11, punje zilizoungua ni za mpunga zaidi. Mpunga si zao la asili ya mwambao. Ulivuka bahari ukaja, ukaota katika mabonde yetu, na mpaka leo Pemba inaulima. La pili ni vyombo. Katika Tumbe vyombo vingi ni vyungu vya kupikia na mitungi. Katika Chwaka bakuli zilizo wazi zinaongezeka, za kigeni na za wafinyanzi wetu, nazo zimepambwa. Chungu hukaa jikoni, lakini bakuli huwekwa mbele ya watu. Fleisher ameeleza kwamba ongezeko hili ni dalili ya karamu: mwenye cheo alikipata na kukilinda cheo chake kwa kulisha watu. Mimi nikisoma maneno hayo naliona sinia la wali katika arusi na maulidi, limezungukwa na watu wanne au watano. Desturi hiyo tunayoiona ni ndogo, ina umri wa karibu miaka 1,000 katika kisiwa hiki, na kitabu chake ni vigae.

RAS MKUMBUU NA MTAMBWE MKUU

Ukipita Ndagoni ukaelekea magharibi, nchi inakuwa nyembamba mpaka ukafika Ras Mkumbuu. Hapo pana gofu la msikiti wa ijumaa, miongoni mwa misikiti mikubwa ya zama zake, na makaburi yenye nguzo. Katika makaburi ya namna hii huko Kunduchi na Mambrui waashi waligandisha sahani na bakuli za China katika nguzo, ili marehemu asimame na vyombo vyake vya heshima. James Kirkman alichimba Ras Mkumbuu katika miaka ya 1950. Katika miaka ya 1980 Mark Horton akachimba zaidi, na chini ya msikiti wa mawe akakuta misikiti mingine iliyoutangulia. Waumini walikuwa wakijenga juu ya pale waliposali baba zao.

Wataalamu wengi wanaamini kuwa Pemba ndiyo Kanbalu iliyotajwa na msafiri al-Mas'udi wa Baghdad, na wengine wanaitia Kanbalu hapo hapo Ras Mkumbuu. Al-Mas'udi aliondoka Kanbalu kwa safari yake ya mwisho kurudi Oman mwaka 304 Hijria, sawa na 916. Aliandika kwamba kisiwani mna Waislamu, na kwamba lugha yao ni ya Kizanji. Miaka 300 baadaye Yakut al-Hamawi aliyeandika kamusi ya nchi na miji alikitaja kisiwa kwa jina la Jazira al-Khadra, yaani Kisiwa cha Kijani, chenye miji miwili, kila mmoja na sultani wake. Majina aliyoyaandika yanasomeka kama Mtambwe na Mkumbuu. Ni wapi pengine katika Afrika ya Mashariki ambapo mwanafunzi anaweza kuyasoma majina ya vijiji vya jirani yake katika kitabu cha miaka 800?

Mtambwe Mkuu iko ng'ambo ya Wete. Maji yakijaa, kilima chake huzungukwa kama kisiwa. Yakikupwa, unapita kwa miguu katika tope na mikoko. Mwaka 1984 ilipatikana hapo hazina ya sarafu ndogo za fedha zaidi ya 2,000, pamoja na dinari chache za dhahabu. Dinari hizo ni za mtindo wa Makhalifa wa Kifatimiya, na kwa hizo hazina yenyewe imekisiwa kuwa ya karne ya 11. Sarafu za fedha ni jambo kubwa zaidi, kwani hazikutoka ng'ambo. Zilipigwa katika mwambao huu kwa majina ya watawala wa mwambao huu, mmoja wao akiitwa Ali bin al-Hasan. Upande mmoja una jina la mtawala, wa pili una maneno ya kumtegemea Mungu, na pande hizo mbili zina kina kimoja kama mashairi. Basi wenyeji wa mji ule walikuwa na fedha yao, dini yao na mahadhi yao, na hayo yote kabla ya Wareno kufika kwa miaka zaidi ya 400.

PUJINI

Mtu wa mwisho katika safari hii ni Mkama Ndume, ambaye hakuna mtoto wa Pemba asiyeyasikia mambo yake. Boma lake liko Pujini, kusini-mashariki ya Chake Chake, na linakisiwa kuwa la karne ya 15 na ya 16. Wazee husimulia kwamba aliwalazimisha watu kuyabeba mawe ya ujenzi huku wakisota kwa makalio. Husimulia pia kwamba kisima chake kiligawiwa kwa ukuta, ili wake zake wawili wasionane wakiteka maji. LaViolette alipochimba hapo alikuta kuta nene za kujikinga, na chumba kilichochimbwa chini ya ardhi. Huko Chwaka, kaburi linaloitwa la Haruni kwa simulizi ni la mwanawe.

Hadithi za Mkama Ndume ni za ukali, na magofu yake yanazipa nguvu. Lakini hata hapo Pujini, nilipoinama kutazama chini, vigae vingi vilikuwa vya vyungu vya kupikia. Waliosota na mawe walikula nini, na nani aliwapikia? Simulizi haikuwataja hao, ila vyungu vyao viko chini ya miguu yetu.

MFINYANZI NA KAURE

Methali yetu inasema mfinyanzi hulia gaeni. Vyombo vizima huviuza, mwenyewe akala katika kipande. Naona historia nayo imemtendea hivyo hivyo. Kaure imepewa kabati ya kioo, yeye akaachwa na gae lake.

Kazi yake bado ipo. Nilikaa kutwa moja na bibi mmoja mfinyanzi, na sitalitaja jina lake kwa kuwa hakupenda. Aliupepeta udongo mkavu, akauchanganya na mchanga, akaukanda kwa miguu, kisha akakiinua chungu kwa mkono, akikizunguka yeye mwenyewe badala ya kukizungusha. Vyungu vilivyokauka vilipangwa uwanjani, vikafunikwa makuti na makumbi, vikatiwa moto. Vilipopoa alikigonga kila kimoja kwa kidole.

"Bibi, unasikiliza nini?" nikamuuliza.

"Kizima hulia, mwanangu," akanijibu. "Chenye ufa hunyamaza."

Nikamuuliza nani atakayemrithi. Akanionyesha ndoo za plastiki na sufuria zilizopangwa ukumbini kwa binti yake, akacheka, akaendelea kugonga.

Katika zama zetu ushahidi wa namna nyingine umeongezeka. Mwaka 2023 jarida la Nature lilichapisha uchunguzi wa mifupa ya watu 80 waliozikwa zamani katika miji ya mwambao na bara yake. Uchunguzi huo ulionyesha kwamba kuanzia kiasi cha mwaka 1000 walichanganyika watu wa Afrika na watu wa Asia, hasa Waajemi. Nasaba ya Kiasia ilitoka zaidi kwa wanaume, na ya Kiafrika zaidi kwa wanawake. Wapo waliozisoma habari hizo kama ushindi wa upande mmoja au mwingine katika ubishi wetu wa siku nyingi juu ya asili. Mimi nimezisoma kwa macho ya vigae. Wazee waliosema babu zao walitoka Shiraz hawakubuni yote. Lakini jiko alilokaribishwa babu huyo lilikuwa tayari linawaka, na chungu kilichokuwa mekoni kilikuwa na nakshi za bibi.

WAJIBU WETU

Ndugu zangu, nimetaja kwamba ushahidi unapotea. Ukingo wa pwani unaliwa na bahari, na vigae vinaanguka pamoja nao. Mahali pengine nimeona mawe ya kuta za kale yamo katika misingi ya nyumba mpya. Mahali pengine pamefukuliwa na watu wanaotafuta dhahabu, hasa tangu habari za Mtambwe zilipoenea. Wafukuaji hao hawapati dhahabu, lakini huyavuruga matabaka, na tabaka likishavurugwa ni sawa na kitabu kilichochanwa kurasa zikachanganywa.

Wengi wetu tuliokutana mwaka huu ni watu wenye uwezo kidogo: wapo walimu, waganga, wafanyabiashara, na walioko Unguja, Dar es Salaam, Muscat na Ulaya. Napendekeza tufanye mambo matatu. Kwanza, kila mwaka tuwagharimie wanafunzi wa kidato kimoja safari ya kwenda katika moja ya miji hii mitano, pamoja na kuyaona makumbusho yaliyomo katika ngome ya Chake Chake. Pili, anayechimba kisima au msingi akakuta vigae vingi au kuta, aiarifu idara ya mambo ya kale kabla ya kuendelea, wala asiogope kwamba shamba lake litachukuliwa kwa sababu ya kigae. Tatu, skuli iwe na daftari. Mwanafunzi aliyeona vigae shambani kwao asivichukue. Aandike mahali, tarehe, rangi, na kama vina nakshi. Na jina lake aliandike chini.

Kwa wadogo zetu nina neno moja la mwisho. Msiikinai nchi yenu kwa kuwa mmeizoea. Wataalamu wamevuka bahari mbili kuja kusoma yaliyoandikwa chini ya mihogo ya wazazi wenu, na bado sehemu kubwa haijasomwa na mtu. Mkitaka kuwa wasomaji wake, anzeni sasa mngali na macho makali na miguu mepesi, kwani udongo uwahi ungali maji.

Nawatakia wanafunzi masomo mema, na wenzangu wa zamani afya na maisha marefu, tukutane tena inshallah.